Shangazi, dodoso ni la siri lakini kituo kina watu saba

Barua ya wiki hii imetoka Kigoma. Nimeipunguza kidogo, na jina la kampuni halimo kwa sababu mwenyewe hakulitaja.

*

Shangazi, shikamoo.

Nimeiandika barua hii mara tatu kwenye simu nikaifuta. Leo naituma hivi hivi ilivyo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Gungu hapa Kigoma mjini. Nafanya kazi kampuni ya ndege, kituo cha hapa, mwaka wa tisa sasa. Tuko saba: meneja wa kituo, watatu wa kaunta, wawili wa mizigo, na mmoja anakaa ofisi ya tiketi mjini. Ndege ikitua inakaa kama dakika arobaini inaondoka, na ndani ya dakika hizo kila mtu anakuwa kila kitu. Mimi ni wa kaunta lakini nimeshasukuma viti vya wagonjwa, nimeshabeba mabegi, na nimeshapiga deki mawese yaliyomwagika kutoka kwenye ndoo ya mama mmoja aliyeniapia kwamba ndani mna sabuni.

Suala lenyewe ni hili. Mtendaji wetu mkuu anaondoka mwisho wa mwaka. Hatujui kama anaondoka kwa hiari au ameondolewa, kila mtu ana lake. Bodi imeajiri washauri kutoka Dar es Salaam, na wao wametutumia dodoso kwenye mtandao, wafanyakazi wote. Wanataka kujua tunaonaje uongozi uliopo, tungependa ajaye awe wa namna gani, na je, atoke ndani ya kampuni au nje. Juu kabisa wameandika kwa herufi nene: majibu ni ya siri, usiandike jina lako. Kisha swali la kwanza: kituo chako. La pili: idara. La tatu: miaka kazini. La nne: jinsia. Shangazi, Kigoma, kaunta, miaka tisa, mwanamke. Wenzangu wawili wa kaunta ni wanaume. Hapo jina langu limefichwa wapi?

Meneja wetu naye kasema tuende ofisini kwake mmoja mmoja tujaze kwenye kompyuta yake, eti kwa sababu mtandao wa pale ni mzuri. Akaongeza, "Tuseme kwa sauti moja, kituo kisionekane kina mgawanyiko." Mzee si mbaya, ana miaka 59, nadhani anataka tu amalize mwaka wake kwa amani.

Huku nyuma kuna grupu la WhatsApp la vituo vya mikoani. Humo unazunguka waraka wa kukusanya saini, tumwombee naibu mtendaji apewe kiti. Naibu alianza kazi kwa kupakia mizigo, akasoma usiku, akapanda ngazi moja moja. Mkuu tuliye naye amefika Kigoma mara moja tu tangu aanze. Alishuka na watu wa kamera, akatushika mikono, akauliza, "Hapa Tabora mna abiria wa kutosha?" Hakuna aliyemsahihisha. Naibu amekuja mara tatu. Safari moja mvua ilizuia ndege, akalala hapa, jioni tukaenda naye Kibirizi akala migebuka kwa mikono pamoja nasi, akatuuliza majina ya watoto wetu. Mwezi wa tatu alipokuja tena aliyakumbuka majina. Siku hiyo pia alitukuta tunahangaika na mzani wa kaunta ulioharibika tangu mwezi wa pili, akaupiga picha, akaandika kwenye kidaftari chake, akasema, "Mwezi huu huu." Mpaka leo tunatumia mzani wa kuning'iniza tuliochangia kununua soko la Mwanga. Lakini angalau yeye aliuona.

Kingine, naibu ni mtoto wa Kasulu. Mjomba wangu, aliyenisomesha baada ya baba kufariki, ananipigia kila Jumapili baada ya misa: "Umeshasaini? Mtoto wa nyumbani akikaa pale hata ndege zitaongezeka, na wewe utakumbukwa." Nikimwambia bado nafikiri, ananyamaza kwenye simu mpaka vocha inaisha.

Wenzangu wanasema mtu wa nje tusimkubali, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wengine wanasema bora mgeni, mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi ninaogopa yote. Nikisaini na naibu asipochaguliwa, huyo mpya atakuta jina langu. Nisiposaini na naibu akachaguliwa, vilevile. Nikijaza dodoso kweli, nitajulikana. Nisipojaza, watasema Kigoma hatuna maoni.

Shangazi, nijaze au nisijaze? Nisaini au nisisaini? Na mjomba nimwambie nini? Fomu inafungwa tarehe 30. Ukija Kigoma dagaa wako wapo.

Binti wa Gungu

*

Marahaba mwanangu. Kwa ajili ya hiyo tarehe 30 barua yako nimeirusha foleni, na wenye barua za ndoa mtanisamehe.

Nilipofika kwenye swali la nne la dodoso lenu nilicheka peke yangu hapa barazani, kisha nikakumbuka sanduku la maoni. Nilikaa masijala ya shirika moja miaka mingi. Siku moja tuliletewa sanduku la mbao, limepakwa rangi ya bluu, lina tundu juu na kufuli dogo mbele. Tuliambiwa tuandike kero zetu bila jina. Funguo ya kufuli ilikuwa kwenye mnyororo mmoja na funguo za gari la mkuu wa idara, yaani yule yule ambaye kero zote zilikuwa zake. Karani mmoja aliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Asubuhi yake mkuu alisimama mlangoni kwetu, karatasi mkononi, akauliza kwa upole kabisa, "Nani hapa ameumia mkono wa kulia?"

Washauri wenu sidhani ni wabaya. Wanataka kulinganisha kituo na kituo, idara na idara, na kwa makao makuu yenye mamia ya watu maswali yale manne hayamfichui mtu. Hawakufikiria kituo cha watu saba. Kwa hiyo chukulia tangu mwanzo kwamba utajulikana. Ukishakubali hilo, nusu ya hofu inaondoka, maana swali linakuwa jingine: ni kitu gani unaweza kukiandika leo na ukakirudia kesho mbele ya huyo huyo mkuu mpya, uso kwa uso, bila kubabaika? Hicho ndicho ukijaze. Kama fomu inakuruhusu kupita swali la miaka na jinsia, pita. Kama haikuruhusu, jaza kweli. Ukidanganya hapo, na uliyosema kwa ukweli huko chini yatatiliwa shaka.

Na ujazie kwenye simu yako, nyumbani. Kwa meneja hukuitwa kupigana, mjibu tu, "Mzee, nimeshajaza jana usiku, bando lilikuwa linaisha." Ulijaze kweli jana yake, usinitie mimi kwenye uongo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo wewe umelisema kwa mistari mitatu ukapita, wakati mimi lilinitoa usingizini. Mzani.

Mzani wa kaunta umekufa tangu mwezi wa pili na sasa ni wa saba. Mnapima mizigo ya ndege kwa mzani wa kununulia nyama. Mwanangu, uzito mnaouandika pale kaunta unakwenda kwenye karatasi ya mizigo, na karatasi hiyo anaipokea rubani. Hapandi nyuma kuyanyanyua mabegi ayaonje. Anapanga mwendo wa kurukia na mafuta kwa kuamini kwamba mtu wa Kigoma amepima vizuri. Na Kigoma ninaijua, mzigo wa Kigoma ni dagaa na mawese, kila mtu anaye ndugu Dar wa kumpelekea. Begi likizidi kilo tatu halionekani kwa macho. Mabegi sitini yakizidi kilo tatu tatu ni kilo 180, abiria wawili wazima waliopanda bila tiketi.

Hili halisubiri mtendaji mpya wala tarehe 30. Kila kampuni ya ndege inatakiwa kuwa na njia ya wafanyakazi kuripoti mambo ya usalama. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lina kiambatisho kizima kuhusu usimamizi wa usalama, cha 19, kilichoanza kutumika mwaka 2013, na Tanzania ni mwanachama. Jaza ripoti ya usalama, weka tarehe, taja mlichoripoti nyuma na lini, tunza nakala. Mwambie meneja kwanza, kwa heshima, muijaze pamoja akipenda. Kimya kikiendelea, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe. Haimzuii bosi kukununia, hilo nakubali. Kununiwa kunavumilika.

Na hapo hapo kwenye mzani ndipo nilipomwona naibu wako.

Sina ugomvi naye. Mtu anayekumbuka majina ya watoto wa wafanyakazi wa kituo cha mwisho wa reli si wa kubezwa, na huyo mwingine aliyewaita Tabora, mimi Mtabora nimechukia mara mbili, kwa niaba yenu na kwa niaba yetu. Lakini naibu aliuona mzani, akaupiga picha, akaandika, akaahidi mwezi huu huu, akapanda ndege iliyopakiwa kwa mzani ule ule. Miezi minne imepita. Wewe unaandika, "Lakini angalau yeye aliuona." Mwanangu, hiyo angalau ni ghali. Yule mkuu ana udhuru wa kutojua. Naibu hana. Yawezekana aliomba fedha akanyimwa, yawezekana kidaftari kilipotea, yawezekana anaogopa kumsumbua mkubwa wake kipindi hiki cha kugombania kiti. Hatujui. Ila kabla hujamwekea saini mtu kuwa mkuu wa kampuni nzima, una haki ya kumwuliza mzani uko wapi. Si mna namba yake?

Mnabishana ndani au nje, zimwi au mgeni. Ile methali ya zimwi isome polepole: halikuli likakwisha. Kula, linakula.

Nilikaa masijala, kusoma mafaili ya watu ni ugonjwa wangu, na haya ya mashirika ya ndege nimeyasoma pia. Ethiopian Airlines wamezoea kupokezana kijiti ndani kwa ndani: Tewolde GebreMariam, aliyekulia humo humo, aliongoza tangu 2011 mpaka 2022 alipoachia kwa sababu ya afya, akapokea Mesfin Tasew aliyeingia kama mhandisi mwaka 1984. Wamekwenda vizuri. Basi wa ndani ndiye bora? Ngoja. Japan Airlines ilifilisika Januari 2010, na aliyeitwa kuiokoa ni Kazuo Inamori, mzee wa miaka 78, mwenye viwanda, hajawahi kuendesha kampuni ya ndege, akakubali kufanya bila mshahara. Maelfu ya watu walipoteza kazi katika uokoaji huo, tusiupambe. Lakini mwaka 2012 hisa zao zilirudi sokoni, na waliofuata kwenye kiti walitoka ndani. Tangu Aprili 2024 rais wa kampuni ni Mitsuko Tottori, mwanamke wa kwanza, aliyeanza mwaka 1985 akihudumia abiria ndani ya ndege. Huyo wa nje aliondoka akawaacha wa ndani wanaoweza. Sijui kama dodoso lenu lina swali la namna hiyo, lakini ni swali zuri: aliyepo anaondoka, amemwacha nani anayejua kazi?

Halafu kuna Southwest ya Marekani, na hii ndiyo ningependa uisome mara mbili. Februari 2022 walimweka Bob Jordan, mtu wa ndani kabisa, aliyeajiriwa 1988 kuandika programu za kompyuta. Desemba mwaka huo huo ikaja dhoruba ya baridi. Kampuni nyingine zilijikwamua baada ya siku chache, Southwest ikazama, safari karibu 17,000 zikafutwa, abiria zaidi ya milioni mbili wakakwama sikukuu ya Krismasi. Kilichoshindwa ni mfumo wa kompyuta wa kupanga marubani na wahudumu. Wafanyakazi walikaa kwenye simu saa nyingi wakijaribu tu kuwaambia makao makuu kwamba wako mji gani. Mwaka uliofuata serikali ikawatoza dola milioni 140. Na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshasema miaka na miaka kwamba mifumo ile imechoka. Aliyepokea kiti alikuwa mtoto wa nyumbani, tena aliyeanzia kwenye kompyuta, na kilichoharibika ni kompyuta.

Ule ulikuwa mzani wao.

Kwa hiyo kwenye swali la ndani au nje, mimi ningejibu: yeyote, ila awe mtu ambaye taarifa ikitoka kituo cha mwisho inamfikia na inajibiwa. Na nisingeishia hapo, maana sentensi kama hiyo kila mtu anaweza kuiandika na washauri wataisoma wakipiga miayo. Ningeweka ushahidi. Kitu kama hiki:

"Mzani wa kaunta ya kituo chetu uliharibika mwezi wa pili. Tuliripoti tarehe hii na hii. Kiongozi wa juu aliuona mwezi wa tatu. Mpaka leo hatujajibiwa kama utatengenezwa au hapana. Tunaomba mtendaji ajaye aweke utaratibu kwamba ripoti ya kituo ijibiwe ndani ya siku saba, hata kama jibu ni hapana."

Hapo hujamtukana mtu na hujampigia mtu debe. Mtendaji mpya, awe naibu au awe mgeni, akisoma maneno hayo atajua kazi ya kufanya Jumatatu yake ya kwanza. Kwenye swali la kutaja jema moja na baya moja la uongozi uliopo, kama lipo, usiache jema tupu. Hata yule aliyewaita Tabora, je, mshahara ulichelewa enzi zake? Kama haukuchelewa, andika. Mtu anayesifu kwa haki anaaminika akilalamika.

Ukiweza, kaa na wale wenzako wawili wa kaunta na wa mizigo. Msinakiliane maneno, kila mmoja aandike kwa lugha yake, lakini mzani uwemo kwenye fomu zote. Jambo likisemwa na mmoja linatafutiwa mwenyewe. Likisemwa na kituo kizima linatafutiwa fundi. Hiyo ndiyo sauti moja ambayo ningemkubalia meneja wenu.

Waraka wa saini usisaini. Sababu yangu si ile yako ya kuogopa. Uliponieleza waraka ulinitajia jina la mtu, hukunitajia ahadi hata moja. Mnampa saini zenu, yeye anawapa nini kwa maandishi? Mwaka 2012 wafanyakazi wa American Airlines waliwahi kufanya kitu cha ajabu. Kampuni yao ilikuwa mikononi mwa mahakama ya ufilisi, na vyama vitatu, vya marubani, wahudumu wa ndani na wafanyakazi wa ardhini, vikatangaza hadharani kwamba vinaunga mkono muungano na US Airways, kampuni shindani, ambayo mkuu wake Doug Parker ndiye angeongoza. Mkuu wao wenyewe hakuutaka wakati ule. Muungano ukakamilika Desemba 2013, na Parker akashika kiti. Lakini angalia walivyofanya: kabla ya kutangaza walishakaa na watu wa US Airways wakakubaliana masharti ya mikataba ya kazi, kwa karatasi. Na walisema kupitia vyama, si kwa majina ya mtu mmoja mmoja kwenye grupu. Nyie mna chama? Wa uchukuzi wana COTWU. Kama kituo chenu hakina hata mwanachama mmoja, anzieni huko kabla ya kuanza kuchagua wakurugenzi. Picha ya waraka wa WhatsApp itamfikia kila mtu, akiwemo atakayeshindwa, na bodi ikiiona haitajifunza chochote ila kwamba naibu ana kampeni. Huenda mnamharibia.

Mjomba sasa. Huyu ni mtu aliyekusomesha, humjibu kama unavyomjibu mtu wa grupu. Usimwambie "bado nafikiri", hiyo ndiyo inayomnyamazisha, maana anasikia "sitaki" iliyovaa kanga. Mpe sababu ya kizee. Mwambie, "Mjomba, mtu wetu akipata kiti, siku ya kwanza akiongeza ndege ya Kigoma, wenzake watasema amependelea kwao. Mtoto wa Kasulu pale atakuwa wa mwisho kuthubutu." Ni kweli pia. Ndege inaongezwa pale viti vinapojaa na nauli inalipika, na mjomba mwenyewe akienda Dar sidhani kama anapanda ndege. Kisha mwambie neno la pili: "Nikisaini, na yeye akapata, nitakuwa mtu aliyekumbukwa kwa saini. Ulinisomesha nikumbukwe kwa kazi." Hapo atanyamaza tena, lakini kimya cha namna nyingine. Asipoelewa, Jumapili mbili tatu mpigie wewe kwanza, kabla ya misa, umwulize habari za shamba.

La mwisho, na hili hukuliuliza. Meneja wenu ana miaka 59. Mnagombana kuhusu kiti cha Dar es Salaam ambacho hamkikalii, na kiti cha Kigoma kinaachwa wazi ndani ya mwaka. Nani kati yenu saba anajua anampigia nani ndege ikikwama usiku na abiria hawana pa kulala? Nani anajua ripoti ya mwezi inavyofungwa, na kule uwanjani ni nani wa kumbembeleza taa zikizimika? Kama yote yako kichwani mwa mzee, na kwa jinsi anavyotaka amani nadhani yako huko, mfuate. Sio kwa kugombea. Mwambie, "Mzee, nifundishe kufunga ripoti ya mwezi huu, nikusaidie." Miaka tisa, kaunta, mizigo, viti vya wagonjwa, deki ya mawese: mwanangu, kuna watu wanapewa umeneja wakiwa na machache kuliko hayo. Kama hukitaki, basi, lakini usije ukaniandikia mwakani kwamba wameleta mgeni.

Fomu ijaze usiku, ukiwa umeshakula na watoto wamelala. Usiitume. Isome tena asubuhi kabla hujavaa sare, toa neno lolote lililoandikwa kwa hasira, ndipo utume. Ripoti ya mzani ipeleke kesho.

Na dagaa nimeshukuru, kilo moja inatosha. Nitumie kwa treni. Mzani wenu kwa sasa siuamini.

Shangazi, Tabora